Mama Alivyomruka Dada Anna

Sili machalari. Mtu aliyezaliwa kule juu Nkoaranga, akakulia chini ya migomba, halafu anasema hali machalari, zile ndizi zetu za nyama, watu humwangalia mara mbili. Mawifi zangu wamenitania mpaka wamechoka. Mmoja anasema nimekuwa mzungu, mwingine anasema nina vidonda vya tumbo na ninaficha. Nawaacha waseme. Tumbo langu ni zima kabisa. Tatizo ni harufu. Ndizi mbichi zikimenywa hutoa utomvu, na utomvu ule una harufu yake, kali kidogo, kama majani yaliyopondwa kwenye jiwe. Mama yangu siku hizi anaishi nami hapa Lemara, na akianza kumenya ndizi jikoni mimi hutoka nje nikajifanya naanua nguo. Ninyi wa rika langu mnajua, kuna vitu vya utotoni ambavyo mtu havimwachi hata akianza kuitwa bibi.

Nyumbani kwetu palikuwa pa Walutheri wa kweli kweli. Babu, baba yake baba, alikuwa mzee wa kanisa, na wageni wa usharika walifikia kwake. Mama alitoka Kibosho, Mkatoliki wa kuzaliwa na kulelewa na masista. Alipoolewa alipokelewa kanisani kwetu na kufuata dini ya mumewe, maana babu aliikubali ndoa ile kwa shingo upande. Mama akaingia kwaya, sauti ya kwanza, na kila mtu akasema mkwe wa mzee ametulia. Mimi niliamini hivyo pia, mpaka nilipofikia umri wa kufuatana naye sokoni.

Soko letu lilikuwa Tengeru, chini barabarani. Tulishuka asubuhi na ndizi, na njiani kulikuwa na kanisa la Wakatoliki lenye groto, pango la sala lililojengwa kwa mawe meusi ya mlimani. Ndani ya groto alisimama mwanamke wa plasta, mtandio wa bluu, mikono ameishusha chini na viganja viko wazi. Mama alitua kikapu, akachungulia barabarani, akatoa kipande cha mshumaa kwenye pindo la kanga na kukiwasha. Kisha aliniambia, "Haya, mwamkie Mama."

Sasa kwetu mtoto hamwamkii mtu mzima kwa mdomo peke yake. Anamsogelea, anainamisha kichwa, na mtu mzima anamwekea kiganja utosini. Bila kile kiganja salamu haijapokelewa. Basi mimi nilifanya kama nilivyofunzwa. Nilisogea, nikainama, nikasema shikamoo, nikasubiri. Mikono ile niliiona kabisa imeshushwa tayari kugusa vichwa vya watoto, ila mimi nilikuwa mfupi. Nilisubiri mpaka shingo ikauma.

"Mbona haniitikii?" nilimuuliza mama.

"Anakuitikia kimoyomoyo."

"Babu anaitikia kwa mkono."

Mama alicheka, akapuliza mshumaa ili kipande kifae siku nyingine. Akainama usawa wa uso wangu. "Mambo ya hapa hayapandi mlimani. Umenisikia? Ni yetu wawili." Jamani, mtoto wa miaka sita aambiwe na mama yake kwamba kuna jambo la wawili tu! Nilipanda mlima siku ile najiona nimekuwa mkubwa.

Sikujua ugomvi wenyewe ni upi. Nilidhani labda familia yetu imekosana na yule mama, kama tulivyokuwa tumekosana na majirani wa juu kwa ajili ya mfereji, na kwamba mama anapita kumsalimia kwa siri ili uhusiano usife. Jioni moja tukiwa tunakula nilijaribu kupatanisha.

"Babu, Mama wa Yesu tunamheshimu?"

"Mariamu? Sana," babu alisema. "Ila hatumwombi wala hatumwabudu. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake."

"Kumwamkia ni kumwabudu?"

"Kumwamkia mtu aliye hai ni adabu. Kuamkia sanamu ni jambo jingine."

"Yeye amekufa au yuko hai?"

Babu alitafuna kidogo. "Yuko hai kwa Bwana."

"Basi akiamkiwa anasikia."

Baba alicheka mpaka akapaliwa. Babu akasema, "Kula chakula chako." Chini ya meza mama alinikanyaga mguu, na mimi nikaufyata. Lakini Dada Anna, aliyekuwa anapakua upande wa pili, alimwangalia mama, akaangalia sufuria. Nadhani alielewa siku ile ile.

Dada Anna alikuwa msichana wa kazi. Nasema hivyo ili mumjue, lakini nyumbani hakuna aliyemwita hivyo. Alitoka Mbulu, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri, na alikuja kwetu kwa makubaliano: afanye kazi, asome kipaimara usharikani kwetu, akishabarikiwa baba ampeleke mjini kujifunza cherehani. Nililala naye kitanda kimoja. Ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenitoa funza, ndiye aliyejua kwamba gizani ninaogopa sauti ya migomba ikipigwa na upepo, akawa ananisimulia habari za kwao mpaka nisinzie. Jioni babu alimwuliza maswali ya katekisimu huku wanachambua maharage, na Anna alijibu bila kusita. Babu alimpenda waziwazi. Alisema huyu msichana anafaa kuoa mchungaji, akimaanisha kuolewa naye, na sisi tukacheka, maana Kiswahili cha babu kilikuwa kimechanganyika na Kimeru.

Siku ya kubarikiwa ilikuwa inakaribia. Mama mwenyewe alimshonea gauni jeupe lenye mikono ya puto, likatundikwa ukutani juu ya kitanda chetu, limefunikwa kwa shuka lisipate vumbi. Anna alilitazama kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua.

Jumamosi ile ndizi zilikuwa nyingi, kwa hiyo Anna alifuatana nasi. Tulipofika kwenye lile kanisa mama alisita kidogo, halafu akasema, "Anna, nisubiri hapo getini. Siyo mambo yako haya." Anna akakaa na mizigo. Mama aliwasha mshumaa, akapiga magoti kidogo, kisha akaniambia nimngoje, anaingia kanisani mara moja. Akaniacha na yule mama wa plasta.

Niliinama. Nikasema shikamoo. Nikasubiri, na safari hii subira iliniishia. Kila mara nilikuja, kila mara niliinama, na hajanigusa hata siku moja. Nililia kwa sauti. Nililia kama mtoto aliyenyimwa salamu na bibi yake mzaa mama mbele za watu, maana kwangu ndivyo ilivyokuwa.

Dada Anna alikuja mbio. "Nini tena?"

"Hataki kunigusa."

Alitazama ile mikono, akanitazama mimi, akatabasamu. Hakuwa mtu wa kubishana na mtoto anayelia. Akanishika kwapani na kuninyanyua. "Haya, amkia upesi tuondoke." Utosi wangu ukafika chini ya kiganja. Kilikuwa cha baridi na kina vumbi, na mimi nilifurahi hata nikacheka kabla machozi hayajakauka.

Hapo ndipo tuliposikia, "Anna!"

Alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, amesimama barabarani na ndoo kichwani. Aligeuka na kuanza kupanda mlima haraka haraka, maji yakimwagika mabegani. Mama alitoka kanisani akauona mgongo wake tu. Aliuliza ametuona sisi au amemwona yeye. Anna akasema, "Ametuona sisi, mama. Wewe ulikuwa ndani." Mama akapuliza mshumaa. Sokoni tuliuza upesi, na tulipofika kwenye kijito wakati wa kurudi mama alikitupa kile kipande majini.

Alasiri babu alitukusanya nje ya jiko. Babu alikaa kwenye kigoda, shangazi pembeni yake, baba amesimama amekunja mikono. Mama alikuwa chini kwenye mkeka, beseni mbele yake, anamenya ndizi za jioni. Anna alisimama katikati.

"Anna," babu alisema, "ni kweli ulimnyanyua mtoto mbele ya ile sanamu?"

"Ni kweli, babu."

"Nani alikupeleka pale?"

Anna alimwangalia mama. Alimwangalia muda mrefu, na mimi nikajua sasa mama atasema. Sikuwa na wasiwasi wowote. Niliona hata vizuri kwamba ile siri imefika mwisho, tutakuwa tunakwenda wote kumwamkia yule mama, na babu naye. Kisu cha mama hakikusimama. Ganda lilianguka, na jingine.

"Nilikuwa napita tu," Anna alisema.

Babu akageuka. "Mama Elia," akamwita mama kwa jina la kaka yangu aliyekuwa bweni, "wewe ulikuwa wapi?"

"Sokoni, baba. Nilitangulia, wao wakaja nyuma na mizigo." Alisema bila kuinua uso. "Hata mimi nimeshangaa. Msichana niliyemwamini kama mwanangu."

Alimruka kimanga. Hivyo hivyo, mbele yake, mbele yangu, huku mikono inafanya kazi.

"Mama, ulikuwepo," nilisema. "Wewe ndiye uliyewasha mshumaa. Wewe ndiye uliyeniambia nimwamkie."

Shangazi alimtazama mama, baba alimtazama mama, na kwa muda mfupi nadhani kila mtu pale alijua. Mama akainua uso. Alikuwa anatabasamu, lakini midomo ilikuwa imekauka.

"Mnaona?" alisema. "Ameshamfundisha mtoto mpaka kusema uongo."

Anna hakuwa amelia mpaka hapo. Kusikia neno lile alifumba macho.

Baba alinishika bega. Akaniambia kumsingizia mzazi ni laana, nimwombe mama msamaha sasa hivi. Nilikataa. Akanisukuma mpaka mbele ya beseni. Nikainamisha kichwa, maana ndivyo inavyofanywa, na mama akaweka mkono wake utosini kwangu. Ulikuwa umejaa utomvu. Ulinata kwenye nywele, na ile harufu ikashuka mpaka puani. "Nimekusamehe," mama alisema. Mimi nikamchukia. Nasema wazi, nilimchukia mama yangu kwa nguvu zote za umri ule, na sikujua kwamba jambo kama hilo linawezekana.

Babu hakuwa mtu mkatili. Macho yake yalikuwa mekundu aliposema kwamba hawezi kusimama na Anna madhabahuni wiki ijayo, atawaambia nini washarika, mzee wa kanisa ambaye nyumbani kwake watoto wanapelekwa kwenye sanamu. Anna angerudi kwao kesho yake, na baba yake angeambiwa sababu. Babu alisema yote hayo akitazama chini. Kisha akaingia ndani na hakula.

Usiku ule Anna alinitoa utomvu kwenye nywele kwa mafuta ya kupikia, kidogo kidogo, ili asiniumize. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Mimi nina kwa kwenda," alisema. "Mama yako akifukuzwa hapa, atakwenda wapi? Na wewe atakulea nani?"

"Lakini amesema uongo."

"Lala."

Asubuhi niliamka kabla yake. Nilikuwa na mpango. Kulikuwa na shahidi mmoja aliyeona kila kitu tangu mwanzo, na kila mtu alisema ni mama wa watu wote, hata babu alikiri kwamba yuko hai. Nilikwenda mpaka njia panda, nikasimama pale kwenye umande nikimngoja apande mlima aje aseme ukweli. Nilimwona kwa mbali, bluu, anakuja taratibu. Nilianza kukimbia kuteremka. Alikuwa mama mmoja wa jirani, amejifunga kitenge cha bluu, anarudi kutoka kupeleka maziwa hospitalini. Akaniuliza nalilia nini. Niliinamisha kichwa, akanigusa, akaendelea na safari yake.

Anna aliondoka na sanduku lake dogo la bati. Alimwamkia babu, akamwamkia baba. Akamwendea mama mlangoni. "Kwaheri, mama. Nashukuru kwa yote." Mama akasema, "Nenda salama, mwanangu," akaingia ndani upesi. Gauni jeupe Anna aliliacha limekunjwa juu ya kitanda. Siku ya kubarikiwa lilivaliwa na binti wa shangazi, mama akiwa amelipunguza kiunoni kwa mkono wake mwenyewe, na mama aliimba kwenye kwaya siku ile vizuri kuliko siku zote.

Unaweza kudhani aliacha. Wapi! Mvua zilipokwisha tulipita tena pale, na kipande kipya cha mshumaa kikatoka kwenye pindo la kanga. "Mwamkie Mama." Nikampa mgongo yule mwanamke wa plasta.

"Sitaki. Alimwona Dada Anna akisingiziwa, akanyamaza. Kama wewe."

Mama alininasa kofi. Ndilo la kwanza na la mwisho maishani mwangu kutoka kwake. Kisha akapiga magoti palepale na kulia, na sikujua analia kwa ajili ya nani, kwa hiyo sikumbembeleza.

Nimekuwa mtu mzima, nimeolewa, nimejua hofu ya mwanamke aliye ugenini kwa wakwe. Najua mama angeweza kutengwa kanisani, na babu angemwambia baba, "Nilikukataza." Naelewa vizuri sana, na kuelewa huko hakujanisaidia kitu. Kila nikikutana na mtu wa Mbulu huuliza kama anamfahamu Anna, binti wa mwinjilisti. Wananiambia Mbulu ina akina Anna wengi. Wala sitaki kusikia habari za sanamu na nani aabudiwe. Watu wakianza mabishano hayo kwenye misiba mimi huenda kuosha vyombo. Mimi nilichotaka ni mama aseme mara moja tu, hata tukiwa wawili peke yetu, kwamba Anna hakufanya kosa. Nimekaa naye nyumba moja miaka sasa, na bado nangoja.

Babu alikufa, baba naye akamfuata. Baada ya arobaini ya baba mama alirudi Ukatoliki bila kificho, na hakuna aliyeshtuka. Shangazi mwenyewe alimsindikiza misa ya kwanza, akaniambia eti zamani tulikuwa na mambo madogo madogo. Siku hizi tunaimbiana kwenye harusi, tunazikana, kwaya zinaalikana. Jambo lililomfukuza Anna halimfukuzi tena hata paka.

Wiki iliyopita jumuiya ya mama ilisali nyumbani kwangu. Mimi si Mkatoliki, lakini nyumba ni yangu na chai ni yangu, kwa hiyo nilikuwa napita na chupa ya chai sebuleni. Baada ya rozari walimwomba mama, kama mkubwa wao, awape ushuhuda. Mama alikaa vizuri kwenye kochi, amevaa rozari shingoni. Akawaeleza alivyoolewa kwa Walutheri, alivyopita kwa siri na kimshumaa chake, alivyoishi kwa hofu. Anasimulia vizuri, mama yangu. Wanawake walikuwa wanafuta machozi.

"Miaka yote ile," alisema, "walinijaribu kwa kila njia. Lakini namshukuru Mungu, sikumkana Mama yetu hata siku moja. Na kwa ajili yake sikumwumiza mtu."

Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa namimina chai kwenye kikombe cha mwenyekiti wao, na ikafurika mpaka kwenye kisosi.

"Na Dada Anna?" niliuliza.

Mama yangu anakumbuka majina ya ng'ombe wote wa baba yake kule Kibosho. Anakumbuka nani alikaa wapi kwenye harusi yake. Alinigeuzia uso, wanawake nao wakageuka, na yeye akakunja paji la uso kwa upole, kama anayetaka kumsaidia mtu kutafuta kitu.

"Anna yupi?" aliniuliza.

Nilimtazama machoni, chupa ya chai mkononi, nikamwomba Mungu mama awe ananidanganya.